Lundo la Mwavita

Watu wa New Congo, kule kambi ya wakimbizi ya Nakivale, wakitaka kumwelekeza mgeni hawahangaiki na kulia wala kushoto. Wanamwambia afuate pua. Akifika mahali ambapo pua inamsihi arudi alikotoka, hapo ndipo kwa Mwavita, na kuanzia hapo nyumba nyingine zote ni rahisi kuzipata.

Harufu hiyo haikuwa ya choo wala ya mzoga, ingawa wapo waliosema hivyo kwa chuki zao. Ilikuwa harufu ya udongo unaochacha. Mwavita binti Sumaili, mama wa miaka hamsini kasoro, mfupi, mwenye viganja vipana na ulimi usiolala, alikuwa fundi wa mbabula, yale majiko ya makaa ambayo wenyeji wa Uganda huyaita sigiri. Gamba la nje alilikata kwenye madebe ya mafuta ya kupikia. Tumbo la ndani alilifinyanga kwa udongo wa kichuguu. Lakini kwanza udongo huo aliuchanganya na maganda ya matoke, akaurundika uani, akaufunika kwa maganda mengine, akaumwagia maji machafu ya vyombo na kuuacha uoze siku arobaini. Asiyeijua kazi angeliona lundo lile jeusi, na nzi wake, na madebe yenye kutu yaliyolizunguka, angeapa kwamba ni jalala. Anayeijua alijua kwamba udongo usiooza hupasuka siku ya kwanza unapoonja moto.

Ufundi huo aliupata kwa mama yake, mfinyanzi wa vyungu huko Fizi, Kongo. Mama yake hakuwahi kulimaliza lundo lake hata siku moja. Kila alipochota udongo ulioiva alibakiza kiasi cha karai moja chini kabisa, akarundika mbichi juu yake, kwa sababu ule mkongwe ndio unaoufundisha mpya kuoza vizuri. Aliuita chachu. Yeye aliukuta kwa mama yake, na huyo aliukuta kwa wa kwake, na hakuna aliyejua ulianzia wapi. Vita vilipowafikia mara ya tatu, Mwavita alifunga mtoto mgongoni, akatia sufuria kichwani, akakimbia. Chachu ilibaki. Mama yake naye alibaki, lakini habari hiyo Mwavita hakuwahi kumsimulia mtu.

Nakivale akaanza upya na udongo asiouzoea. Miaka mitatu mizima majiko yake yalipasuka, na wanawake walikuja kumwaga vipande mlangoni pake huku wakisonya. Mwingine angekata tamaa. Mwavita alikasirika, na hasira ikamfaa kuliko subira. Kila kipande kilichorudi alikiponda akakirudisha kwenye lundo, mpaka mwaka wa nne udongo ukakubali, na chachu mpya ikawa imezaliwa.

Tangu hapo aliweka sheria yake. Jiko la Mwavita likipasuka, mrudishie. Udongo wake wa zamani unarudi lundoni kuoza na wenzake, debe lako linakaa pembeni likikungojea, na lundo likiiva unajaziwa jiko lako upya bila kulipa kitu. Hakuwa na daftari la kuandika debe hili la nani na lile la nani. Alitoboa alama kwa msumari kwenye kitako cha debe, alama aliyoichagua mwenyewe mwenye jiko: huyu samaki, yule nyota, mwingine mwezi. Mtaa mzima ulikuwa na alama kwa Mwavita, hata wale waliokuwa wakipita hapo wameziba pua kwa kanga.

Mwaka huu mambo yalikuwa yamemnyookea. Hajati Madinah, muuza mafuta ya kupikia wa Mbarara ambaye humpelekea madebe matupu, alimtafutia kazi ambayo hakuwahi kuipata tangu aingie nchi hii: mbabula sitini kwa mpigo, za wake wa askari kwenye kambi ya jeshi. Walizitaka kabla ya muhula wa shule kuanza. Tangu mgao wa chakula ulipopunguzwa, kambini watu walikuwa wakinunua majiko kwa manung'uniko. Oda ya mjini ilikuwa mlango mpya. Lundo lilikuwa limetimiza siku thelathini na moja, zimebaki tisa.

Basi siku ya Alhamisi, saa nane mchana, watu waliitwa ukumbini Base Camp, kwenye ofisi kuu za kambi, kutazama filamu. Shirika moja la mazingira lilikuwa limeileta, na aliyetumwa nayo alikuwa binti mmoja wa Kinyankore aitwaye Natukunda, mpole, aliyezaliwa Ngarama, si mbali na hapo. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi, shuka jeupe likatundikwa ukutani, na kijana Joël, mkalimani, akasimama kando yake na kipaza sauti. Mwavita aliketi benchi la tatu pamoja na jirani yake Belyse, mke wa Jean-de-Dieu, mwenyekiti wa mtaa wao.

Filamu ilihusu namna ya kuishi bila kuiharibu dunia na bila kutupa ovyo. Ilianza na bahari iliyojaa chupa, ikaja na ng'ombe aliyekufa kwa kula mifuko ya plastiki, na watu wakasikitika kama inavyopasa. Kisha akatokea mama mmoja wa nchi ya theluji, mwembamba, anayetabasamu wakati wote, ameshika kichupa cha kioo kisichozidi cha jamu.

"Anasema," Joël alitafsiri, "takataka yote ya nyumba yake, ya mwaka muzima, ndiyo hii."

Mzee mmoja nyuma akauliza, "Na anaichunga ya nini?" Watu wakacheka hadi benchi likapiga mwereka.

Mwavita hakucheka. Aliinua shingo aone ndani ya kichupa kuna nini. Kulikuwa na vipande vya uzi, tiketi, na bandeji ya kidonda.

"Belyse," alinong'ona, na kweli ilimuuma, "uzi nao ni wa kutupa?"

Yule mama akaendelea kuwashangaza. Alishona soksi iliyotoboka. Alikwenda dukani na chupa yake mwenyewe, akapimiwa mafuta. Aligeuza shati la mumewe kuwa kitambaa cha kufutia meza, na muziki ukapigwa kana kwamba amefufua maiti.

"Kumbe na sisi tuko bazungu," alisema Belyse, ambaye maisha yake yote hajawahi kununua mafuta ila kwa chupa aliyotoka nayo nyumbani.

Kisha likaja jambo lililomfanya Mwavita anyanyuke nusu kutoka kwenye benchi. Yule mama alikwenda nyuma ya nyumba, akafunua sanduku la mbao, na ndani yake mlikuwa na maganda. Maganda meusi, yaliyooza, yenye minyoo. Akachota kiganja kizima, akakipeleka puani, akafumba macho.

"Anasema inanukia sawa pori kisha mvua," Joël alitafsiri.

"Muone!" Mwavita alisema kwa sauti. "Muone, ni lundo! Iko na lundo!"

Moyo wake ulijaa furaha ya kitoto. Miaka ishirini alikuwa amekaa hapo akiitwa mchafu, na leo, kwenye shuka jeupe mbele ya halaiki, kuna binadamu mwingine anayeingiza pua yake kwenye uozo kwa mapenzi. Laiti angekuwa jirani, angempelekea karai la chachu. Watu walipiga makofi filamu ilipokwisha, na Mwavita alipiga kuliko wote.

Natukunda akasimama, akashukuru, akasema sasa tumeona ya wenzetu, tuone na ya kwetu. Akabonyeza mashine yake, na picha nyingine ikajaa shukani.

Lilikuwa lundo la Mwavita. Limepigwa picha kutoka barabarani, nzi na madebe yote yakionekana, na nyuma yake kamba ya kuanikia ikiwa na kanga yake ya manjano ambayo mtaa mzima unaijua. Chini yake kulikuwa na maandishi.

"Kabla," Joël alisoma, na sauti yake ikapungua njiani. "Jalala, New Congo."

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele kama mafuriko. Natukunda, ambaye hakujua uani pale ni kwa nani, aliendelea kueleza kwa upole. Jumamosi ni siku ya usafi. Lori litakuja na vijana. Lundo hili ndilo la kwanza kwenye orodha iliyoletwa na mwenyekiti. Wakilimaliza watapiga picha nyingine mahali pale pale, waandike Baada, nazo zote mbili zitazungushwa katika kambi nzima pamoja na filamu ili watu wajifunze.

Mwavita alimtafuta Jean-de-Dieu kwa macho. Mwenyekiti alikuwa akichunguza viatu vyake.

"Dada," Mwavita alisema, amekwisha simama. "Ile mama wa mu filme, iko na maganda ya kuoza. Mulimupigia mikono. Mimi niko na maganda ya kuoza, munaniletea lori, kamio muzima. Unieleze juu ya nini. Ni sababu yeye iko na sanduku ya mbao?"

Watu waliguna. Natukunda alikuja karibu, uso umemwiva.

"Pole, nyabo, mama yangu, sikujua ni kwako. Lakini orodha tayari iko ofisini. Watu wanalia na harufu, na mimi natumwa tu."

"Bintu byangu habiko takataka. Mimi sijatupa kitu tangu nizaliwe. Bintu nilipoteza ni bile bita ya bunduki ilininyang'anya. Na ile sikutupa, walinitupisha."

Akatoka. Hakulia njiani, maana hasira haikumwachia nafasi. Lakini nyumbani alisimama mbele ya lundo lake, na hofu ikamwingia. Oda ya askari ingeweza kupotea, nyingine ingekuja, Mungu si Athumani. Ila chachu haiuzwi popote. Koleo la kijana mmoja asiyejua kitu, dakika tano tu, lingemrudisha kwenye miaka ile mitatu ya vipande mlangoni. Na umri wa kuanza tena hakuwa nao.

Ijumaa asubuhi alikwenda Mbarara. Alimkuta Hajati Madinah dukani kwake, anapimia mteja mafuta kwa kibaba, kilemba cheupe, macho mawili kwenye kibaba na sikio moja kwa Mwavita. Alisikiliza habari yote mpaka mwisho bila kumwaga tone.

"Bambi, pole, Mwavita," alisema mteja alipoondoka, "wewe napigana na lori? Mimi iko nyumba kule Kakiika. Nyuma nafasi mingi, hapana jirani karibu. Hiyo chachu yako wewe nasema ni karai moja tu, si ndiyo? Tia kwa ndoo, leta. Wabebe hiyo ingine. Utaanza tena kwangu, na mimi nitaongea na wake wa askari wangoje kidogo."

Alikwenda nyuma ya duka, akarudi na ndoo mpya ya bluu yenye mfuniko, akamwekea miguuni. Lilikuwa shauri jema kutoka kwa mtu mwema, na Mwavita alilipokea kwa mikono miwili. Yeyote mwenye akili angelipokea.

Alifika nyumbani baada ya alasiri. Akachukua jembe, akafukua upande wa lundo taratibu kama anayefukua viazi, mpaka akafika chini kabisa kwenye ule weusi unaong'aa, laini kama siagi. Akauchota kwa mikono, akajaza ndoo, akafunika. Kazi haikuchukua muda. Akajifunga kanga vizuri, akajitwika ndoo kichwani ili aone kama ataweza kuibeba mpaka stendi kesho alfajiri.

Hapo ndipo mwili ukakumbuka. Shingo ilivyokaza, mkono mmoja juu, mwingine umetafuta mgongoni mtoto ambaye leo ni mtu mzima Kampala. Miguu yenyewe iligeukia barabarani. Mwavita alisimama hivyo katikati ya uani, ndoo kichwani, na kitu kikampanda kifuani ambacho hakikuwa hofu tena.

Mara tatu alikimbia. Mara ya kwanza alikuwa mtoto, akavutwa mkono. Ya pili alikuwa mjamzito. Ya tatu alimwacha mama yake amekaa kando ya lundo, amekataa kuinuka, anasema yeye hakimbii tena, na Mwavita alidhani ni uzee. Kila mara waliokuja walikuwa na bunduki. Leo anakuja nani? Vijana wenye mifagio. Na yeye amekwisha jitwika.

"Aah, hapana," alisema peke yake, kwa sauti. "Hapana, hapana, hapana."

Akaishusha ndoo. Akafunua, akaimimina chachu yote mahali ilipotoka, akaifunika kwa udongo na maganda, akapigapiga juu kwa kiganja kama anayemlaza mtoto. Kisha akaiosha ndoo ya Hajati na kuianika. Ndoo nzuri haiachwi na tope.

Alfajiri ya Jumamosi majirani waliamshwa na mlio wa madebe. Mwavita alikuwa akiyatoa moja moja pembeni ya lundo na kuyapanga kandokando ya barabara, yamepinduliwa, vitako juu, alama za misumari zikiangalia mbinguni. Yalikuwa ishirini na matatu. Alipomaliza alichota maji, akanawa, akavaa kanga yake ya manjano, akakaa kwenye kigoda chake.

Lori lilifika saa tatu. Walishuka vijana kumi na wawili wenye fulana mpya na glavu mpya, na kila mmoja na chupa yake ya maji na kisanduku cha chakula. Dereva, mwanamume mnene aitwaye Bob, alibaki kwenye usukani. Natukunda alishuka na kamera yake, akamwona Mwavita, akashusha pumzi. Jean-de-Dieu alikuja nyuma yake, anatembea kama aliyevaa viatu vya mtu mwingine. Majirani nao walikwisha kujaa, maana sinema ya bure haina mwenyewe.

"Nyabo," Natukunda alianza, "tafadhali tusigombane."

"Mimi sigombane," Mwavita alisema. "Mubebe. Siwakatazi hata kidogo. Lakini takataka ni kitu mwenyewe amekataa, hapana? Basi nataka tu mwenyewe akuye aseme mbele yenu, 'hii yangu ni takataka, muipeleke.' Akisha kusema, ninyi mubebe. Na udongo wake uko humo ndani ya lundo, mubebe nao."

Akainuka, akaenda kwenye debe la kwanza, akagonga kwa nyundo yake.

"Mwenye samaki!"

Mutesi, mama wa watoto sita anayekaa nyumba ya nne na ambaye ndiye aliyeongoza malalamiko ya harufu mwezi mzima, akajipenyeza mbele.

"Ni yangu," alisema.

"Ni takataka?"

"Takataka kivipi? Si mbabula yangu! Ilipasuka, nimeileta unijazie. Mimi napikia kwa mafiga wiki ya tatu sasa, moshi unanimaliza macho."

"Basi uisimamie."

Mutesi akasimama nyuma ya debe lake. Mwavita akagonga la pili, akaita mwenye nyota, na mwenye nyota akaja. Akaita mwenye mwezi, mwenye jani, mwenye kikombe. Wengine walikuja wakicheka, wengine wakiona aibu, lakini walikuja, kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kusema mbele ya watu kwamba jiko lake litupwe. Mzee aliyeuliza juu ya kichupa ukumbini alikuwa na alama ya kuku, akalibeba debe lake kifuani kabisa, asiamini watu. Vijana wa glavu waliacha makoleo yao chini, wakaketi ukingoni mwa barabara na kula chakula chao.

Debe la mwisho Mwavita hakuligonga. Alisimama kando yake, akamtazama mwenyekiti.

"Mwenye ufunguo," alisema kwa upole uliowatisha watu kuliko kelele.

Jean-de-Dieu alikohoa. Orodha ilikuwa mfukoni mwake, imekunjwa mara nne. Kabla hajaitoa, mkewe Belyse alikwisha pita mbele yake na mtoto kiunoni.

"Ufunguo ni wetu," alisema. "Na mimi nilikuambia, mwenyekiti, wakati unaandika. Nilikuambia, mbona unaandika jiko la nyumba yako mwenyewe? Ukasema ni mambo ya kazi. Haya, sema sasa mbele ya wageni, ni takataka? Kama ni takataka, leo utakula kazi."

Watu waliangua kicheko, na safari hii kicheko hakikumwendea Mwavita. Jean-de-Dieu alitoa karatasi mfukoni, akaitazama kama inayoweza kumsaidia, akairudisha. Akaenda akasimama nyuma ya debe lake.

Natukunda alibaki peke yake katikati ya barabara, kamera inaning'inia. Hakuwa mtu mbaya, na Mwavita alikuwa ameliona hilo tangu ukumbini. Akamkaribia.

"Binti yangu, nikuulize. Kwenu Ngarama, mama yako akimenya matoke, maganda anatupaka wapi?"

"Hatupi," Natukunda alijibu. "Anapeleka kwa shamba. Chini ya migomba."

"Inaoza?"

"Inaoza sana."

"Inanuka?"

Natukunda alitaka kujibu, akajizuia, na tabasamu likamponyoka. "Inanuka, nyabo."

"Na kuna mutu alishakuya na kamio kubeba shamba ya mama yako?"

Binti alivua glavu, akaenda kwenye lundo pale Mwavita alipolifukua jana, akaingiza mkono mpaka kwenye kifundo. Alichota udongo, akaupeleka puani. Hakufumba macho kama yule mama wa filamu, bali alikunja uso wote, lakini hakuutupa. Aliufinya kwa vidole, akauona ulivyonyooka bila kukatika.

"Nitaandika nini kwa ripoti?" aliuliza mwishowe, na sasa aliuliza kama mtu anayetaka kujua. "Wanangoja picha mbili. Kabla na Baada."

"Piga," Mwavita alisema. "Ile ya kwanza ulinipigia bila kuniuliza. Sasa nakuambia mimi mwenyewe, piga. Simama fasi ile ile ulisimamaka. Na wewe Mutesi, usogee, na Belyse, na mwenye kuku. Kila mutu na debe yake. Na chini yake usiandike jalala. Andika jina yangu. Yote, na ya baba."

Natukunda akarudi barabarani, akapima kwa macho mahali aliposimama siku ile, akapiga.

Dereva Bob akatoa kichwa dirishani. "Banange, sasa gari narudi tupu?"

Mwavita aliangalia huku na huku. Ukingoni mwa barabara, mahali vijana walipokuwa wameketi kungoja, kulikuwa na chupa tupu kumi na mbili na visanduku vitupu kumi na viwili, na mifuko ya glavu, vyote vimetupwa chini.

"Hapana tupu," alimwambia. "Bile si bya kwetu."

Siku tisa zikatimia. Mbabula sitini zilifika Mbarara kabla ya shule kufunguliwa, pamoja na ndoo ya bluu ya Hajati Madinah, safi, na ndani yake karai moja la chachu. Si kwa sababu ya kukimbia, Mwavita alimwambia. Mbegu hupelekwa kwa rafiki ili siku moja iwe na mahali pa kurudi.

Baada ya wiki tatu filamu ilioneshwa Juru, upande mwingine wa kambi, kwa watu ambao hawakuwahi kumsikia Mwavita. Alikwenda kwa miguu, akafika mapema, akaketi benchi la mbele kabisa. Aliziona tena zile chupa za baharini na yule ng'ombe, na mama wa theluji na kichupa chake, na alipochota maganda yake Mwavita alimpigia makofi kama mwanzo, kwani huyo hakuwa na kosa. Kisha picha ya kwanza ikaja, Kabla. Watu wa Juru wakashika pua kwa kuiona tu. Ikaja ya pili, Baada.

"Aa, ni lundo lile lile!" mtu mmoja akapiga kelele. "Hakuna kilichobadilika!"

Kweli lilikuwa lile lile, na nzi wake. Ila safari hii mbele yake walisimama watu ishirini na watatu, kila mmoja na debe lake, na katikati yao mama mmoja mfupi aliyevaa kanga ya manjano. Joël aliinamia maandishi yaliyokuwa chini, akasogeza kipaza sauti.

"Mwavita binti Sumaili," alisoma, "fundi wa mbabula, New Congo. Na wenye majiko."

Kutoka benchi la mbele, kabla picha haijaondolewa, ikasikika sauti ya mwanamke ambaye hakuwa na haraka yoyote.

"Soma tena."